Gari Lililogongwa Msibani

Ipo siku moja naikumbuka kwa baridi yake, mwanangu, na wewe unajua kwamba Kyela hatuna baridi. Tuna mvua, tuna matope, tuna mbu wasio na adabu, lakini baridi tumewaachia watu wa Tukuyu. Siku hiyo nilitetemeka mchana kweupe, jua limesimama juu ya mpunga, na kutetemeka kule nikakuficha kama mtu aliyeiba. Ngoja nikueleze ilivyoanza, maana ilianza na gari lililoegeshwa tu.

Nilikuwa mke mpya, na mimba yangu ya kwanza ilikuwa ndiyo inaanza kuonekana. Tuliishi Njisi, kwenye uwanja wa wakwe zangu. Mume wangu Asajile, Mungu amrehemu, alikuwa amenunua pikapu baada ya miaka mingi ya kusukuma ndizi na kakao kwa baiskeli. Aliipenda ile pikapu mpaka nikajua mimi ni mke wa pili, ingawa tulifunga ndoa kanisani. Aliifuta asubuhi kabla hajanawa uso wake.

Ukatokea msiba kwa jirani. Watu walikuja wengi, wengine kutoka Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, maana marehemu alikuwa na ndugu Karonga. Asajile aliegesha pikapu kando ya njia, chini ya migomba, akaingia msibani. Upepo wa ziwani ulikuwa umeleta nkungu, vile vijidudu vinavyopanda juu ya maji kama moshi, vikatua kila mahali na kuganda kwenye magari.

Tulipotoka makaburini tukakuta ubavu wa pikapu umebonyea, taa imepasuka, kioo cha pembeni kinaning'inia kwa waya. Aliyegonga hayupo. Nkungu walikuwa wamefunika mlango wote, isipokuwa sehemu moja karibu na pale palipobonyea. Hapo palikuwa na alama ya kiganja, safi kabisa, vidole vitano vimetandazwa. Mtu alikuwa ameliwekea gari mkono, kama unavyomgusa mgonjwa paji la uso.

Asajile hakuuliza mtu. Hakutazama chini kuona matairi yalielekea wapi, hakuokota hata kipande kimoja cha kioo. Alirudi moja kwa moja msibani, akasimama katikati ya uwanja, mbele ya watu waliokuwa wananawa mikono, akasema kwa sauti kubwa:

"Aliyegonga gari langu akakimbia, mimi sitamtafuta. Baridi itamtafuta. Imshike yeye au wa nyumbani kwake, mpaka aseme!"

Hata kina mama waliokuwa wanalia waliacha kulia.

Mwanangu, wewe umesomea mjini, huenda utacheka. Wazee wetu Wanyakyusa wanasema hasira ya watu ina pumzi, na pumzi hiyo ni ya baridi. Ukimkosea mtu halafu watu wakanung'unika juu yako, ile pumzi inakufuata, mwili unapoa, unatetemeka mpaka ukiri. Lakini mila haikuishia hapo. Mwenye hasira naye ana kazi yake. Anatakiwa amkabili mtu wake, aseme kinachomchoma, achukue maji mdomoni ayateme chini, na mambo yaishe. Asajile alichukua nusu ya mila, ile inayouma, nusu inayoponya akaiacha. Wajuaji wengi ndivyo wanavyofanya.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka kuonekana anatetemeka. Ilikuwa katikati ya masika, watu wanashinda mashambani wamelowa, na bado hakuna aliyekunja mikono kifuani. Siku moja, mvua ikinyesha, mzee mmoja mtengeneza baiskeli alijikinga nasi chini ya paa la duka, meno yanamgonga. Watu wakamtazama. Halafu mmoja mmoja wakasogea kando, kimya kimya, mpaka akabaki peke yake upande mmoja na sisi wote upande mwingine. "Jamani, si mvua tu hii?" akasema, akijaribu kucheka. Masikini, baiskeli yenyewe hakuwa nayo, alikuwa akitengeneza za wenzake.

Kanisani watu waliimba huku wakichunguzana mabega. Sokoni ukinunua dagaa, muuzaji alitazama vidole vyako kabla hajatazama pesa. Na Asajile aliendelea kuendesha pikapu na ubavu wake uliobonyea, hataki kuipeleka kwa fundi, ili kila mtu auone. Ilipokuwa inakuja kwa mbali, watu waliingia ndani. Njia nzima ilibaki tupu, kuku tu.

Ndipo ikanijia mimi.

Ilianzia mgongoni, nikiwa naanika kakao juani. Kwanza nilidhani ni uchovu wa mimba. Mchana nikaanza kutetemeka, nikakimbilia jikoni, nikajifunga kanga juu ya kanga. Nilijua homa ni nini, mwanangu, nimekulia bondeni hapa pamoja na mbu. Lakini akili iliyoshikwa na hofu haikubali jambo jepesi. Nilijisemea: imshike yeye au wa nyumbani kwake. Wa nyumbani kwa nani? Mbona imekuja kwangu?

Jioni Asajile aliporudi nilimpokea kwa tabasamu, meno nimeyabana. Wakati anaoga niliisogelea pikapu. Ile alama ya kiganja hakuwa ameifuta, aliilinda kama ushahidi, akiifunika turubai kila mvua ikija. Nikaweka mkono wangu juu yake. Ukaenea sawasawa, kidole kwa kidole.

Kuanzia hapo nilianza kuona vitu. Nikifumba macho nilijiona nimekaa kwenye usukani, ninarudi nyuma, nasikia bati linakunjika. Mimi, ambaye hata baiskeli sikuwahi kuendesha! Niliamini nimefanya. Sikujua lini wala vipi, ila niliamini, na nilikuwa namwogopa mume wangu na kuogopa mikono yangu mwenyewe. Hospitali ilikuwepo, na kufika haikuwa shida. Lakini kwenda hospitali kulikuwa ni kuwaambia watu kwamba baridi imeingia kwetu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na mimi nilikuwa nikiusema msemo huo kwa wenzangu huku nikijifunga kanga nyingine.

Sasa, baba mkwe wangu alikuwa mtu wa mila hasa. Kwa desturi yetu ya zamani mkamwana na baba mkwe hawaonani. Akipita njia hii, wewe unaingia migombani. Hakuwahi kunisalimia wala kulitaja jina langu, nami niliijua sauti yake kuliko sura. Siku moja nilikuwa jikoni nimejikunyata karibu na moto. Jiko letu lilikuwa la mianzi, na mianzi ina nafasi. Nikasikia hatua zake zikipita nyuma ya ukuta, kisha zikasimama.

"Mwanangu," sauti ikasema kutoka ng'ambo ya mianzi. "Nasikia meno yako."

Nilitaka ardhi inimeze.

"Umeanza lini?"

"Taata," nikajibu, na hapo kilio kikanitoka, "gari nimegonga mimi."

Nilisikia akishusha pumzi. Halafu akaita jina la Asajile kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani mwangu.

Asajile alikuja mbio. Baba yake hakumpa nafasi ya kuuliza. "Wewe umepigwa ubavu wa gari," alimwambia, "na wewe umepiga kijiji kizima. Watu wanaumwa wanajificha. Mkeo anateketea humo ndani anasema amegonga gari, na hajui hata pa kuweka ufunguo! Ulimuuliza nani siku ile? Ulimfuata nani? Hasira inatemwa mbele ya mtu wake. Wewe umeimwaga kisimani, kila mtu akanywa."

Akamletea maji kwenye kibuyu. Asajile akajaza mdomo, akayatema chini, akasema yamekwisha. Mume wangu alikuwa mtu mgumu, lakini siku ile alilia mbele ya baba yake. Wakanilaza kwenye godoro nyuma ya ile ile pikapu. Na yule mzee, ambaye mila ilimkataza hata kukitazama kivuli changu, akapanda nyuma pamoja nami, akakaa amenipa mgongo, akishika pembe ya godoro nisiyumbe. Njia nzima mpaka hospitali alikuwa akinipa pole kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Ndaga." Hakugeuka hata mara moja.

Daktari alisema ni malaria, tena imenikaa sana. Mimi nilipona. Mtoto hakupona.

Hapo huwa nakosa maneno, kwa hiyo niruke.

Mpunga ulipokuwa unavunwa, alikuja mgeni kutoka Karonga, mama mmoja mdogo wa umbo, mfanyabiashara wa vitenge, anaitwa Zaina. Alikuja na shangazi yake, na kioo kipya cha pembeni kimefungwa kwenye gazeti. Kingonde chao na Kinyakyusa chetu ni ndugu, tulielewana vizuri. Alipiga magoti mlangoni.

"Ni mimi," akasema. "Nilikuwa narudi nyuma, nkungu wamejaa kioo, sikuona. Niliposhuka nikashika pale palipobonyea, nikasema, maskini, gari ya watu. Nikaegesha langu mbele, nikaja msibani kumtafuta mwenyewe. Nilikuwa nimefika pembeni ya nyumba, kaka. Nilikuwa nakuja kwako. Ndipo nikakusikia unasema."

Asajile akauliza taratibu, "Ulikuwa umefika?"

"Nilikuwa nimefika. Nikaogopa, nina watoto nyumbani. Nikakimbia."

Kwa miezi yote ile tulikuwa tunamsema mtu aliyekimbia gari, na kumbe hakukimbia gari. Alikimbia mdomo wetu. Nilimtazama mikono, midogo kama yangu. Sikuwa na hasira naye, mwanangu, na nilishangaa kwamba sikuwa nayo. Nilimwambia aingie ndani, nikampa maji. Aliposikia habari ya mtoto wangu alijifunika uso kwa ushungi, na shangazi yake akaniambia ndaga mpaka sauti ikamkauka.

Sababu ya kukusimulia haya unaijua. Juzi umekuta gari lako limekwaruzwa Mbugani pale dukani, ukaandika kwenye kundi la ukoo kwamba aliyefanya hivyo atakiona cha moto, yeye na kizazi chake. Wenzako wakaweka alama za kucheka. Mimi sikucheka. Ukoo ule una watu wagonjwa, una wajawazito, una waoga wasiosema.

Basi shika haya. Likigongwa, usiliondoe kwanza. Litazame, lipige picha, tazama rangi iliyobaki na vipande vilivyoanguka. Uliza wenye maduka na bodaboda kwa upole, maana mtu akiulizwa kwa ukali hata alichokiona anakisahau. Nenda polisi ukaandikishe, wape taarifa watu wa bima, kisha lipeleke kwa fundi, usitembee na jeraha ili watu waogope. Na siku ukigonga wewe, kwa sababu siku hiyo itakuja, msubiri mwenyewe. Akichelewa, acha jina na namba yako kwa mwenye duka. Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Ila mimi naongeza kwamba hasara yake haimwangukii mwenye hasira peke yake, inaweza kumwangukia ambaye bado hajazaliwa. Sijui kama pumzi ya watu inaua. Hofu ya pumzi hiyo nimeiona ikiua, na ilipita tumboni mwangu.

Yale maneno yafute leo, halafu uandike kwamba aliyegonga aje, mtaongea.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akulinde barabarani na akulindie kilicho chako ukikiacha kimeegeshwa. Na kikigongwa, akujalie uso ambao mkosaji akiuona kwa mbali, atazidi kuja.