Majina ya Waliochimba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, haikuwa ya msiba wala ya arusi. Ilikuwa Jumapili mchana, kwetu Uvira, Kongo, tumetoka kanisani. Nilikuwa kijana wa shule ya ualimu, nimevaa miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji. Cheka tu, hata mimi najicheka.

Baba alikuwa amekaa mlangoni akimenya mihogo, nami najisomea kwa sauti somo la mfereji wa Suezi: jinsi Mfaransa mmoja alivyounganisha Bahari ya Mediterania na Bahari ya Shamu, kwa miaka kumi ya kuchimba jangwani, hata meli zikaacha kuizunguka Afrika nzima.

Baba akaweka kisu chini. "Na wenye walichimba, majina yao iko wapi?"

Nikamjibu kwamba walikuwa wakulima wa Misri. Wengi waliletwa kwa nguvu, wakachimba kwa majembe na mikono. Majina yao hayakuandikwa.

"Sawa na siye," akasema. "Hii barabara ya mulima, Wabelgiji walitupeleka na fimbo, mimi na ndugu yangu mukubwa. Yeye, udongo ulimufunika kule kule. Ngoja nikuambie venye ilikuwa."

Mwanangu, nilimkatiza. "Papa, ile haiko mu kitabu. Kesho niko na ekzame."

Hakukasirika. Afadhali angenichapa. Aliokota kisu chake, akasema, "Basi soma," akaendelea kumenya.

Husemwa penye wazee hapaharibiki neno. Siku ile liliharibika mbele ya mzee, na aliyeliharibu ni mimi. Kila likizo nilijiambia nitamuuliza, na kila likizo nilikuwa na haraka. Vita vikaja, nikakimbia na mke na watoto. Baba alikataa kuondoka. Walimzika mimi sipo.

Hapa Durban, Afrika Kusini, nimepakua makontena kwenye maghala ya Mobeni mpaka mgongo ukagoma. Siku hizi, kwa sababu ya hatari kule Bahari ya Shamu, meli nyingi zimeukwepa mfereji na kurudia njia ya zamani ya kuzunguka huku kwetu. Nikipanda mtaa wa Morningside, ulio juu mlimani, naziona zimetia nanga mbali baharini, na hamu ya sauti ya Baba inanishika. Namtamani baba yangu, mzee mzima mimi na mvi zangu, wala sioni aibu kulisema.

Juzi, katika saluni ya mama yake, nilimsimulia mjukuu wangu kisa hiki, naye akaniuliza, "Eish, babu, ule ndugu ya papa yako mwenye alifunikwa na udongo, jina yake ni nani?"

Jina la yule Mfaransa ninalijua hadi leo, herufi kwa herufi. La baba yangu mkubwa silijui. Waliolijua wote wametangulia.

Basi nasaha yangu ni hii. Simu iko mkononi mwako kutwa. Mpigie mzazi wako leo, usingoje Krismasi. Muulize alifanyishwa kazi gani, alimzika nani, aliitwaje. Kuuliza si ujinga. Akirudia hadithi uliyokwisha kuisikia, mwache arudie. Kisha andika majina, hata kama hakuna kitabu kinachoyataka.

Mungu akupe masikio kabla hajakupa maneno, mwanangu, na akuwekee wazee wako mpaka umalize kuwasikiliza.