Maziwa ya Chungu Kipya

Nimefikia umri ambao hata kula kunanichosha. Kila jioni mkamwana wangu, mke wa mwanangu, husimama mlangoni: "Mama, nikupikie nini leo?" Mchele tunao, samaki wapo. Namwambia chochote. Najua anasikitika, lakini nimwambie nini? Ninachokitamani siwezi kukieleza bila kuonekana nimepungukiwa akili. Wewe nitakueleza, maana hutanipikia.

Nilikuwa msichana wa miaka kama minane, pale Lyulilo ufukweni mwa ziwa, wakati wa Mjerumani, vita ilipomchukua baba. Askari walikuja asubuhi kutafuta wapagazi, naye akatwishwa mzigo akaondoka na wenzake kwa mstari, nyavu zake zikabaki zimetandazwa juani. Bibi, mama yake baba, alirudi kwenye udongo wake akaendelea kufinyanga. Mama hakuwa na udongo wa kushika. Alikuwa Mnyakyusa wa bondeni, upande wa Kyela, aliyeolewa kwetu Wakisi, watu wa samaki na vyungu. Alilala tu. Dagaa aliwasukuma pembeni, ugali wa muhogo hakuugusa, na kila siku mikono yake ilizidi kuwa myembamba. Niliogopa hata kwenda kuteka maji, nisije nikarudi nikamkuta hapumui.

"Unatamani nini, mwanangu?" bibi alimwuliza.

"Mbalaga," mama alisema. "Ndizi za kwetu, kwa maziwa ya kwetu."

Ng'ombe hatukuwa nao. Bibi akapakia vyungu kwenye mtumbwi akaenda bondeni. Siku hizo chungu kilikuwa na bei moja: mnunuzi alikijaza mahindi au maharage, akayamwaga kapuni mwako, chungu kikabaki kwake. Lakini ng'ombe wengi wa bondeni walikwisha kuliwa na askari, na bibi alizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili nzima akiomba maziwa. Alirudi miguu imevimba, vyungu vyote ametoa isipokuwa kimoja, kipya kabisa, kimejaa maziwa mgando, pamoja na mkungu wa ndizi mbichi. Alipika mwenyewe, hakutaka msaada. Ndizi zikalainika, maziwa yakatiwa, moshi wa kuni ukatutoa machozi.

Mama aliinuliwa, akaonja kidogo. Akakunja uso.

"Mama, nani anatia maziwa kwenye chungu kipya? Yananuka udongo!"

Bibi aliketi chini. Nilimchukia mama wakati ule, sikufichi. Kwao maziwa hukaa kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi, na hilo mfinyanzi wa ziwani hakulijua. Yeye alichagua tu chungu chake kizuri kuliko vyote.

Lakini mama hakunyamaza. Alilalamikia udongo, akalalamikia ndizi zilivyokatwa kubwa mno, na chumvi nayo imetiwa mapema. Akajikokota hadi mafigani, akanyakua mwiko, akaanza kumfundisha mama mkwe wake kupika, kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia tangu baba aondoke. Bibi aliitikia tu, "Ndaga, mwanangu, ndaga," asante, asante, huku machozi yanamtiririka, na moshi ulikwisha kupungua. Katika kugomba huko mama akawa anaonja, akaonja tena, mwisho akala. Sote tulikula. Ladha ya udongo ule ikaniingia mwilini, haijatoka mpaka leo.

Baba hakurudi. Mama alipona, akanihamishia bondeni kwao, nikakulia maziwa ya kibuyu, safi, yenye harufu ya moshi, na sikuyapenda hata siku moja. Bibi alifia ziwani mimi nikiwa mbali. Mama naye nimemzika, miaka mingi sasa. Nimechoka kuhesabu waliokwenda.

Gulio lililopita nilijikongoja hadi Lyulilo nikanunua chungu kipya, nikatia maziwa, nikayaacha yagande humo. Nilipika mbalaga kwa mikono yangu, na nakuapia, ladha ilikuwa ile ile, udongo mtupu. Nikampakulia mkamwana wangu. Nikamngoja akunje uso, anigombeze, aninyang'anye mwiko. Akala yote, maskini, akapiga magoti kupokea sahani yangu, akasema, "Ni tamu sana, mama."