Papa Monga na Bidoni Zisizopumua

Papa Monga hakuweza kupita karibu na bidoni tupu bila kuiokota. Ilikuwa hivyo msibani, arusini, na hata katika ua wa parokia baada ya misa, watu wakiwa bado wanasalimiana. Aliichukua ile bidoni ya manjano ya lita ishirini, akakaza mfuniko, akaibana kwa mkono mmoja na kuizungusha polepole shavuni, kona baada ya kona, macho yamefumbwa. Alikuwa anaisikiliza kama inapumua. Hewa ikimgusa, hata kidogo kama pumzi ya mtoto aliyelala, aliirudisha chini bila neno. Isipomgusa, alimtafuta mwenye nayo na kumuuliza kwa adabu:

"Mama, hii bidoni, utaiuza ao utatupatia?"

Marehemu mke wake alizoea kusema kwamba yeye mwenyewe hakupata kubembelezwa na shavu lile kiasi hicho.

Alizaliwa Kinkondja, kando ya ziwa Kisale, akajua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Akiwa na miaka ishirini alikuja Kamina kufanya kazi ya reli. Mishahara ilipoanza kuchelewa, alifungua kibanda cha kutengeneza baiskeli karibu na stesheni, na angezeekea hapo kwa amani kama daraja la mto Kaseya lisingebebwa na maji. Tangu siku hiyo, wanawake wa mjini waliokuwa na mashamba ya mihogo ng'ambo walivuka kwa mtumbwi. Katika mvua za kwanza mtumbwi ulipinduka, na wanne hawakurudi. Waliokuwa ukingoni walishika vichwa na kupiga kelele. Monga alikuwa mmoja wao, na hilo hakujisamehe: mtoto wa ziwa, ameshika kichwa.

Jumanne iliyofuata alikwenda Kaseya na kamba moja na mipira ya baiskeli. Hakuna aliyemtuma, hakuna aliyemlipa. Baadaye Umba, mfyatua matofali mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliungana naye, kisha wengine wawili. Kila Jumanne na Jumamosi, siku za watu wengi, walitandaza kamba kutoka ukingo hadi ukingo, chini kidogo ya kivuko, wameifungia bidoni ili ielee. Aliyebebwa na maji aliletwa na mkondo mpaka kwenye kamba, akaishika. Aliyeshindwa kuifikia, Monga alimfuata mwenyewe, bidoni moja kifuani na moja mgongoni, zimefungwa kwa mipira ya baiskeli.

Mwaka wa tatu kamba ilikuwa imeoza, na jua lilikuwa limepasua bidoni nyingi. Katekista Matthias akatangaza kanisani: kila nyumba ilete bidoni moja na mfuniko wake, na mwenye uwezo aongeze kitu kwa ajili ya kamba. Jumapili inayofuata, majina yatasomwa mbele ya watu wote.

Hapo ndipo Francine anapoingia katika habari hii. Alikuwa mke wa sajini, mzaliwa wa Kisangani, na kwa miaka minne alikuwa ameuza mafuta ya mawese katika soko la kambi ya jeshi. Kambini walimwita mama Exaucée, kwa jina la binti yake. Parokiani, kati ya familia zilizozikana hapo tangu zamani, alikuwa bado "mama wa kambi" tu. Hawakumwita hivyo kwa ubaya. Walimwita kama mtu anavyomwita mgeni ambaye keshokutwa atahamishwa.

Alikuwa na bidoni nne. Tatu zilijaa mafuta. Ya nne ilikuwa na ufa kwenye kona ya chini, upande wa mshikio, naye alikuwa ameuziba kwa sabuni ya kufulia, kama wauza mafuta wote wanavyofanya. Unasugua kipande cha sabuni kwenye ufa mpaka unajaa, unalainisha kwa kidole, na mafuta hayapiti tena mwezi mzima. Aliisafisha kwa mchanga mpaka ikang'aa, akaipeleka. Hakufikiria maji. Alifikiria jina lake.

Monga aliipokea, akaizungusha shavuni taratibu. Kona ya chini alikaa nayo muda mrefu, au Francine aliona hivyo.

"Aah! Hii njo bidoni!" alisema akifumbua macho. "Haipumue hata kidogo. Bamama, muone, muige!"

"Mama Exaucée, wa kambi!" alisoma Matthias. Wanawake wakapiga vigelegele. Mmoja, mama Mwila, mkulima mwenye mabega mapana, alimshika mkono na kusema, "Wafwako, ndugu yangu," asante ya Kiluba ambayo hakuna aliyewahi kumpa. Francine alirudi nyumbani akitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Jioni ile alifua. Alitia sare ya mumewe katika beseni, akaacha kipande cha sabuni humo, akageuka kumjibu Exaucée. Aliporudi kukishika kilikuwa kimelainika, kimekuwa uji, kinamponyoka kati ya vidole. Mikono yake ikasimama ndani ya maji.

Jumanne alikwenda Kaseya na bidoni nzima, ambayo mafuta yake alikuwa ameyamimina katika masufuria ya jirani. Nia yake ilikuwa kubadilisha tu: atoe yake, aweke hii, arudi zake. Alipita kando ya kamba iliyolazwa kwenye nyasi, akigusa bidoni moja moja. Yake haikuwepo.

"Mama wa kambi, unatafuta nini?" Umba alimwita. "Zawadi inarudiaka kwenu?"

Wanawake waliokuwa wanangoja mtumbwi wakacheka. Kisha Monga akatokea nyuma ya kibanda cha pale kivukoni, tayari kwa kazi, na Francine akaiona bidoni yake kifuani mwa yule mzee, imefungwa kwa mipira miwili.

"Nimejiwekea yako," alisema, akiipigapiga kama mtu anavyompigapiga mbuzi wake. "Zile zingine naziamini. Hii naipenda."

Francine alifungua kinywa. Mama Mwila alikuwa pale, na jembe lake begani, akimtabasamia. Vigelegele vya Jumapili vilikuwa bado masikioni.

"Nimeleta ingine," ndilo lililotoka.

"Mbili!" akasema mama Mwila. "Ona moyo wa mama huyu!"

Siku hiyo mto ulikuwa umelala, na Monga hakuingia majini. Lakini Francine alirudi mjini akiwa na deni zito kuliko alilokwenda nalo. Jumatano alipita kwenye kibanda cha baiskeli, akakuta kimefungwa. Mzee alikuwa amekwenda kumzika mtu kijijini. Alhamisi mvua ikaanza. Ijumaa haikukatika. Kitandani alisikia maji yakijaza pipa chini ya mabati, yakafurika, yakaendelea kumwagika, naye akahesabu: Jumamosi watavuka tu. Mihogo iliyong'olewa haingoji.

Alfajiri alipanda pikipiki. Nusu ya njia matope yakaishika, naye hakumngoja dereva. Alivua kandambili, akazishika mkononi, akakimbia.

Alisikia kelele kabla ya kuona mto. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba majani na matawi, na nguzo moja ya daraja la zamani ilisimama katikati kama jino lililobaki. Mtumbwi wa Théo, mpiga kasia, ulikuwa umeigonga na kupinduka. Théo na abiria wawili walikuwa wameletwa na mkondo hadi kwenye kamba, wanavutwa ukingoni wakitapika maji. Abiria wa tatu hakuwa ameachia nguzo. Aliikumbatia kwa mikono yote miwili, kikapu bado kimefungwa mgongoni. Alikuwa mama Mwila.

Na Monga alikuwa tayari amefika nusu ya maji.

Umba alishika ukingoni kamba iliyofungwa kiunoni mwa mzee, visigino vimezama katika tope. Francine alitafuta rangi ya manjano kati ya maji mekundu. Bidoni ya mgongoni ilikuwa juu, nzuri. Ya kifuani ilikuwa imelala upande. Alitazama tena. Bega la kushoto la mzee lilikuwa linashuka, linapanda, linashuka zaidi.

"Papa Monga!" alipiga kelele. Mto ukaimeza sauti yake. Akaingia majini mpaka kiunoni. "Papa Monga!"

"Mama, toka!" Umba alinguruma. "Minyi nashika muntu moja, siwezi kushika babili!"

"Bidoni ya kifua! Iko na tundu!"

"Papa aliipima!"

Wanawake kama ishirini walikuwa wamesimama pale. Francine aliwaona wote, na kila mmoja alikuwa amempigia vigelegele. Akavuta pumzi.

"Niliziba na sabuni!" alisema kwa sauti yote aliyokuwa nayo. "Ilikuwa bidoni ya mafuta! Ilipasuka, nikaziba na sabuni, nikanyamaza!"

"Sabuni?" mwanamke mmoja aliuliza polepole. "Ndani ya mai?"

"Upande gani?" Umba hakuwa na nafasi ya kushangaa. "Sema, mama! Upande gani?"

"Kona ya chini! Kwenye mshikio!"

Umba akafungua ile sauti yake ya tanuru la matofali. "Papaaa! Kona ya chini! Kwenye mshikio! Geuza!"

Kichwa cha Monga kilizama. Kamba ikakaza. Kisha kichwa kikatoka, na walimwona akichomoa mpira mmoja, akaipindua bidoni kichwa chini, kona yenye ufa kuelekea mbingu, akaikumbatia kwapani na kuziba ile kona kwa kiganja. Maji yaliyokuwa yameingia yalibaki ndani, lakini hewa iliyosalia haikutoka. Alikuwa na mkono mmoja tu wa kuogelea. Mkondo ulimvuta pembeni, akapiga maji, ukamvuta tena, na mara ya tatu bega lake likagonga nguzo.

Walimwona akisema na mama Mwila. Hawakusikia alichosema, ila walimwona yule mama akitikisa kichwa: hapana, hapana. Mzee akakata kwa meno kamba ya kikapu, mihogo ikaenda na maji, kisha akafungua bidoni ya mgongoni, ile nzima, akamfunga nayo na kumshika mkono. Yeye alibaki na ile ya sabuni.

"Mvute!" alisema Umba, na Francine alikuwa wa kwanza kushika kamba nyuma yake. Wengine wakashika. Kamba mpya iliwachoma viganja. Mara mbili vichwa vyote viwili vilipotea, na mara zote mbili kilichotangulia kutoka kilikuwa ile kona ya manjano, imefunikwa na kiganja.

Walipofika ukingoni mama Mwila alilazwa kifudifudi, akakohoa mpaka akalia. Monga aliketi katika tope, midomo imebadilika rangi. Kisha mwanamke mmoja akasema, bila kumtazama Francine:

"Mama wa kambi, kidogo utuulie bantu."

Monga alivuta bidoni, akamwaga maji, akaiweka shavuni. Sasa ilipumua wazi. Alikaa nayo hivyo, macho yamefumbwa, kama anayeombwa msamaha na kitu.

"Ulitoka wapi?" alimuuliza Francine mwishowe.

"Mjini, papa."

"Na miguu?"

"Kutoka pale pikipiki ilipokwama."

Aliitazama miguu ya Francine iliyochanika, akatikisa kichwa mara moja.

Jumapili Francine hakwenda misa. Jumatatu alikuwa nyuma ya meza yake sokoni kambini, akipima mafuta kwa kikombe, alipoona baiskeli inakuja imebeba mlima wa manjano, na miguu miwili myembamba chini yake. Monga alizishusha bidoni zote mbele ya meza. Wateja walisogea.

"Nusa," alisema.

"Papa?"

"Shavu yangu ilikamata hewa miaka tatu. Sabuni haikamate. Pua yako iko kila siku katika mafuta na sabuni. Nusa."

Francine alipiga magoti, akanusa bidoni moja moja, kwenye kona, kwenye mishono, chini ya mshikio. Alizitenga mbili pembeni. Kucha yake ilipokwangua, sabuni ikatoka, nyeupe. Hazikuwa zake. Zilikuwa zimeletwa Jumapili ile ile, na nyumba zenye majina mazuri, na wenyewe walipigiwa vigelegele kama yeye. Alimtazama mzee. Mzee alitazama upande wa bendera ya kambi.

"Za nani?" Francine aliuliza.

"Bidoni haina jina," alisema Monga, akazichana zote mbili kwa kisu.

Tangu hapo kila Jumatatu alimletea bidoni. Yeye kwanza, kwa shavu, kisha Francine, kwa pua na kucha. Mama Mwila alianza kununua mafuta kwake, akitembea saa nzima kwa ajili ya kikombe kimoja. Mvua zote zilizobaki, mto haukuchukua mtu.

Mwezi wa tano, maji yaliposhuka, Monga alipanda lori kwenda Kinkondja kumwona dada yake mkubwa. Huko, kabla ya kiangazi kwisha, presha ya damu ilimpanda akaanguka uani kwa dada yake, na habari ilifika Kamina kwa simu ya Umba. Wamemzika karibu na ziwa.

Lakini asubuhi ile ya safari alipita sokoni, lori likipiga honi barabarani, na begi lake begani na bidoni moja mkononi aliyoiokota njiani bila kujua ni ya nani. Aliizungusha shavuni haraka, akamkabidhi Francine juu ya meza.

"Unuse, mama Exaucée. Minyi nasikiaka pumuzi tu. Weye njo unajuaka bantu."