Kufuli ya Stoo

Juzi, katika duka la vitabu mjini Machakos, nilishika kitabu kinene cha mwandishi mwanamke: hadithi, mashairi na insha, vyote pamoja. Papo hapo nikasikia harufu ya mahindi na dawa ya dumuzi, wale wadudu wa nafaka.

Kwetu Kalama, kila alasiri mama alinipa kufuli nimfungie ndani ya stoo, kisha niende na ufunguo nikacheze mbali. Mgeni akiona kufuli, angedhani hayupo, apite zake. Mimi nilidhani ni adhabu aliyopewa. Nikirudi kumfungulia, kupitia mbao za ukuta nilimsikia akinong'ona, akinyamaza, akirudia maneno yaleyale, na roho iliniuma.

Alasiri moja nyanya, mamake baba, alikuja.

"Mamako ako wapi?"

"Ako stoo, nyanya. Mfungulie, anateseka."

Nikampa ufunguo.

Mama alikuwa ameketi juu ya gunia, daftari mapajani, vidole vimejaa wino. Nyanya alilichukua, akachana karatasi moja, akafungia ugoro wake.

"Kunde hazijachambuliwa," akasema.

Karatasi zile zilimtosha ugoro mpaka mavuno. Stoo haikufungwa tena, nami kwa miaka, mpaka juzi dukani, nilijisifu kwamba ni mimi niliyemtoa mama.