Nilimkanda Farasi, Nikamnyima Dada Yangu

Kosa ni langu peke yangu. Sikurogwa, sikulewa, wala shetani hakunipitia. Nimelifunika zaidi ya miaka thelathini, na leo nalifunua kwenu nisiowajua kwa sababu hata mke wangu nimeshindwa kumwambia.

Miaka ile nilikuwa kijana, nikifanya kazi kwenye shamba la mifugo mbele kidogo ya Kashozi. Mzungu aliyelisimamia alikuwa daktari wa ng'ombe, na alikuwa na farasi jike, farasi wa kwanza ambaye wengi wetu tulipata kumwona kwa macho. Farasi huyo aliumia mshipa wa nyuma ya mguu, akawa anachechemea. Tulidhani atachinjwa. Mzungu akasema hapana, hakuna kisu wala sindano, atatibiwa polepole.

Akanifundisha mimi. Asubuhi nilimsimamisha kwenye maji baridi ya kijito. Kisha nilimkausha, nikamkanda mguu kwa viganja kuanzia chini kwenda juu, halafu nikawasha jenereta na kummulika kwa taa ya mwanga mwekundu, nikiishika mbali kidogo ili isimuunguze. Jioni nilimkanda tena na kumtandikia nyasi mpya. Wenzangu walimwita Bibi Harusi. Walisema hata mabibi harusi wetu wa Kihaya, wanaowekwa ndani kula na kunenepa, hawajapata kutunzwa hivyo.

Nami nilivimba kichwa! Farasi alipoacha kuchechemea, habari zikafika hadi nyumbani Buganguzi kwamba nina mikono ya dawa. Laiti zisingefika.

Dada yangu nitamwita Koku. Wakati wa vita vya mpakani tulikuwa tukiishi Bukoba mjini. Mabomu yalipoanza, watu walikimbia kwa miguu kuelekea kusini, nasi tukashika njia ya Muleba. Nilikuwa mtoto mdogo, nyayo zikavimba na kupasuka. Kila tulipopumzika Koku, ambaye naye alikuwa msichana tu, alipasha majani ya mgomba kwenye moto, akanifunga nayo, akanikanda miguu hadi nikasinzia. Nilifika Buganguzi kwa miguu yangu kwa sababu ya mikono yake.

Alipokuwa mtu mzima akaenda visiwa vya ziwani kufanya biashara ya samaki. Alirudi nyumbani amekonda, na nyayo zikiwaka kama zimewekwa kwenye makaa. Ulikuwa ukimwi, ambao siku zile tuliuita Juliana, na hapakuwa na kijiji kisichozika. Mama akanitumia barua, nikapanda basi.

Nilimkuta Koku ameketi ndani. Akanikaribisha kwa desturi yetu, akaninyooshea kiganja chenye akamwani, ile kahawa ya kutafuna. Kwetu huingii nyumba ya ndugu yako ukaikataa. Nikaidonoa kwa ncha za vidole, nikaitia mfukoni, nikasema nitaitafuna njiani.

Akanyoosha miguu.

"Mwana wa mama," akaniambia, "nimesikia habari za mikono yako. Nikande kidogo. Inawaka."

Jamani! Nesi alikuwa amekwisha kutueleza kanisani kwamba kumgusa mgonjwa hakuambukizi. Nilimsikia kwa masikio haya. Lakini nilikuwa naposa mahali, na mlangoni majirani walikuwa wakichungulia. Niliogopa ugonjwa, nikaogopa na midomo ya watu, na sijui hata leo ni kipi nilikiogopa zaidi.

Nikadanganya. Nikamwambia mikono yangu haina kitu, dawa yenyewe ni taa ya mzungu, na kwamba nitakwenda kuichukua nije nayo. Nikakaa mbali naye hadi basi la kurudi.

Na yeye akafurahi! Hapo ndipo ninapoumia. Akawatangazia waliopita kwamba mdogo wake anamletea mwanga wa kuponya miguu.

Mama alituma ujumbe wa kwanza, nikanyamaza. Wa pili aliuleta mjomba mwenyewe. Alinikuta bandani namkanda farasi, na mzungu amesimama pale pale. Mjomba akaueleza wote mbele yake: Koku anaulizia taa.

Mzungu akaichomoa taa, akaizungushia blanketi, akaniambia nichukue na jenereta ndogo, gari litanipeleka.

"Sijui kama itamsaidia mtu," akasema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Lakini nenda. Huyu farasi hutulia akikuona wewe, hata kabla taa haijawashwa."

Basi udhuru wangu ukawa umekwisha. Taa ninayo, gari lipo, ruhusa nimepewa. Mngedhani nilikwenda.

Nilimwambia mjomba atangulie, nitamfuata kesho yake. Kesho yake nikamwambia mzungu kwamba nimepata habari dada amepata nafuu. Taa nikaisukuma chini ya kitanda changu. Nikaenda kumkanda farasi, mguu ambao ulikuwa umekwisha kupona!

Siku nane baadaye nikaitwa msibani.

Shangazi ndiye aliyenieleza yaliyotokea. Mama alikuwa akipasha majani ya mgomba kila asubuhi amkande binti yake, na Koku alikuwa akimzuia. Alisema mama ni mzee, asijichoshe bure, taa iko njiani. Akauvumilia moto ule kwenye nyayo kwa kunisubiri mimi. Si kwamba angepona, najua. Lakini angelala usingizi, walau usiku mmoja! Uongo wangu ulimnyang'anya hata mikono ya mama.

Walipomaliza kumwosha, nilisukuma watu nikaingia. Nikapiga magoti, nikafunua shuka upande wa miguu, nikaishika. Ilikuwa baridi na myepesi sana. Nikaanza kuikanda, kutoka chini kwenda juu, kama nilivyofundishwa. Sikujali tena nani anachungulia.

Mama akanishika bega. Hakufoka.

"Iache, mwanangu," akasema. "Leo haimuumi."

Tulimzika kibanjani, shambani pale nyumbani, kati ya migomba. Sikurudi Kashozi ila kuitoa taa chini ya kitanda na kumrudishia mzungu. Farasi akanijia, akaniegemezea shingo kama kawaida yake, nami nikamkimbia. Yule niliyekuwa nikimposa alikwishaolewa na mwingine, kwa hiyo hata hicho nilichokilinda sikukipata. Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo na hakunitajia jambo lile hata siku moja. Heri angenitukana!

Sasa nina kisukari, na nyayo zangu zinawaka. Binti yangu hupasha majani ya mgomba, akanifunga, akanikanda taratibu. Hakufundishwa na mtu. Kila akinigusa machozi yananitoka, naye hudhani amenitonesha, ananiuliza, "Baba, nipunguze?" Namjibu aendelee.

Wewe unayesoma, kama kuna mgonjwa nyumbani kwenu anayekuomba umshike, usimwahidi dawa iliyoko mbali. Usimwambie subiri. Akikupa kahawa, itafune mbele yake. Mikono unayo, na miguu yake bado ina joto. Inuka ukamkande.