Plasta ya Wageni

Baada ya mafunzo ya wiki mbili Dar es Salaam kuhusu kuhifadhi majengo ya zamani ya zege, nilirudi Mwanza sivumiliki. Nilitembea na kinyundo mfukoni. Nikifika kwa mtu, nilimgongea ukuta wake, nikasikiliza, kisha nikatikisa kichwa. Mke wangu alinikataza kugonga kuta za kanisa.

Ofisini nilikabidhiwa ukumbi wa zamani wa wakulima wa pamba, karibu na ziwa, ambao mwekezaji alitaka kuubomoa. Sheria haiangalii machozi ya mtu. Jengo la umri ule halilindwi mpaka litangazwe kwenye Gazeti la Serikali, na halitangazwi mpaka wakaguzi waridhike kwamba bado lina sura yake ya asili. Sura hiyo ilikuwa kazi ya baba yangu. Alipokuwa fundi kijana, yeye na wenzake walimwaga zege lile wakaliacha wazi, na alama za mbao zilizolishikilia zikabaki ukutani, mistari iliyonyooka. Nilitaka ukumbi uokolewe baba angali hai. Sikuwahi kumwambia.

Mwaka mzima nilimfokea kila aliyeusogelea ukuta ule. Mlinzi alipotundika kalenda, nilimsomea kifungu cha sheria.

Kisha ikaja barua: wakaguzi wanafika Ijumaa. Jamani, sisi tukisikia ugeni tunapaka rangi. Shuleni tulipaka chokaa hata mawe ya njiani. Nikautazama ukuta na madoa yake, kutu ya nondo, ufa mmoja, nikaona aibu. Mafunzo yote yakayeyuka. Niliita mafundi wakapiga plasta safi, na rangi nikachagua mwenyewe, ya maziwa. Wadudu wa ziwani wakanasa kwenye rangi mbichi, nikashinda Alhamisi nzima nikiwabandua kwa kisu cha mkate.

Ijumaa baba, aliyesikia kwamba wakaguzi wanakuja, alivuka na kivuko cha asubuhi kutoka Kamanga, amevaa suti. Mkaguzi mkuu, mama wa makamo, alimpa shikamoo, kisha akauzunguka ukumbi mara mbili.

“Kaka, zege lenyewe liko wapi?”

“Liko chini ya plasta, mama.”

“Nani aliidhinisha?”

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

Alisema hawezi kupendekeza ukumbi utangazwe. Sura ya asili haionekani, na kuibandua plasta kungeng'oa uso wa zege pamoja nayo. Hilo nililijua. Lilikuwa kwenye daftari langu la mafunzo, nimelipigia mstari.

Baba alikuwa akiupapasa ukuta kwa kiganja, anatafuta mistari yake. Rangi ilimbaki vidoleni. Alinivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini ili wageni wasisikie:

“Ungeniambia tu, mwanangu. Kumbe kazi yetu ilikuwa inakutia aibu.”

Nilifungua mdomo nikane, lakini ilikuwa kweli.