Nta Mbichi

Fundi anayetengeneza mbao za kupanda mawimbi haulizi kitu mpaka afumbe macho na kuupapasa ubao wote kwa viganja vilivyokakamaa kwa gundi. Huongea kwa sauti ya chini, kwa lugha ya vijana wa mawimbini: aliyepita ndani ya tundu la wimbi "kaingia chumbani", aliyeangushwa na kuzungushwa na maji "kafuliwa".

Mama mmoja alimletea ubao wa mwanawe, uliovunjika pua siku kijana alipozama. Tangu mazishi ulikuwa umefungiwa stoo, na ufunguo alikuwa nao yeye. Alitaka uzibwe tu, autundike sebuleni. Mkono wa fundi ukasita katikati ya ubao, penye nta ya kuzuia miguu isiteleze.

"Mama, nta hii imepakwa leo."

"Haiwezekani, fundi. Mwanangu alifuliwa, tukamzika."

Fundi akamshika mkono, akauweka pale. Nta ilikuwa laini, ina alama ya unyayo wenye kidole gumba kilichopinda. Mama aliujua unyayo ule tangu ulipoenea kiganjani mwake.

"Basi iimarishe vizuri hiyo pua," akasema. "Nitaurudisha stoo. Mwenyewe bado anautumia."